Fundi Makochi Alivyomshona Sifongo

Mtaa mzima walimwita Fundi Makochi. Mwenyewe alishalizoea jina hilo kiasi kwamba siku moja hospitalini, muuguzi alipomwita kwa jina lililoandikwa kwenye kadi, alibaki amekaa kwenye benchi akimshangaa huyo mama anayeitwa na haendi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mumewe. Asubuhi aliusukuma mlango wa chuma ukafunguka barabarani, na mpita njia akaona makochi yaliyovuliwa nguo, mbavu nje, springi zimechomoza kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Kulikuwa na marobota ya vitambaa, na sponji, kipande juu ya kipande, za njano na za bluu, mpaka darini. Fundi ungemkuta amepiga magoti, misumari midogo ameibana kwenye midomo, anautoa mmoja, anaugonga, anautoa mwingine. Wateja wageni walidhani amewanunia. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu wa maneno mengi. Ni misumari tu iliyomzuia.

Kazi hiyo aliifundishwa na mjomba wake, ambaye mwanzoni alikataa katakata. Alisema mwanamke hana nguvu za kuvuta mikanda ya kochi ikakaza. Msichana akashika mkanda, akauvuta, ukakatika vipande viwili. Mjomba akaviangalia vile vipande, akakuna kichwa, akasema, "Haya, kesho njoo mapema. Lakini uvute kwa adabu."

Tangu hapo hakuna aliyemwambia tena kwamba hawezi. Waliambiwa wengine, na hasa binti yake.

Huyo binti alikuwa wa pekee. Surua ilimwondolea macho kabla hajajua kutembea vizuri, naye akakulia humo karakanani, kati ya miguu ya makochi, akiokota misumari iliyodondoka kwa sumaku aliyofungiwa kwenye kamba. Kila kitu alikigusa. Alimgusa mgeni pua, akagusa mkia wa paka wa jirani, akagusa mpaka pasi ya moto, akalia, kesho yake akaigusa tena kuhakikisha. Ndiyo maana baba yake alimpa jina la Kidole, nalo likamganda.

"Mama, ndege ya kupanda watu ikoje?" angeuliza.

"Subiri," Fundi angejibu kwa pembe ya mdomo, misumari kaibana. Ikifika jioni Kidole angekabidhiwa ndege ya waya na mabaki ya sponji, mabawa yamenyooka, milango inafunguka. Alishonewa mamba. Alishonewa meli. Siku aliyouliza wingu, Fundi alizungushwa kichwa wiki nzima, mwishowe akapasua mto, akamwingiza mtoto mikono yote miwili kwenye pamba mpaka kwenye viwiko, akamwambia, "Ni hivyo, ila ukilishika halipo."

Baba yake alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno ya kuhesabika. Yeye alimfundisha Kidole kusikiliza maji ndani ya ukuta.

Wifi yake Fundi, yaani shangazi wa mtoto, hakuona maana ya haya yote. Kila akija kuwatembelea alitikisa kichwa. "Wifi, unamjaza mtoto ndoto. Mfundishe kusuka vikapu akae nyumbani. Atakwenda wapi huyu?"

"Atakwenda shule," Fundi alimjibu, na safari hiyo aliitoa misumari yote mdomoni ili asikike vizuri. "Akitoka shule atakwenda shule nyingine. Akiimaliza hiyo, wifi yangu, utakuja kumwamkia."

Akaenda kweli. Alisoma ya wasioona, akasoma sekondari pamoja na wanaoona, akamaliza chuo cha ualimu kwa somo la baiolojia. Siku ya mahafali, Fundi alishangilia mpaka mtu wa mbele yake akageuka kumwomba apunguze sauti. Akamwambia, "Ndugu yangu, wewe wa kwako hajaitwa bado. Akiitwa nitakusaidia kupiga kelele."

Kilichofuata hakikuwa cha kupigiwa vigelegele. Kidole alipangiwa shule ya sekondari isiyo mbali na kwao, na mwalimu mkuu wa hapo alimpokea kwa heshima zote, akamtafutia kiti kizuri katika maabara, halafu asimpe darasa. Alimpa kazi ya kuwasaidia walimu wengine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu.

"Watoto ni wengi, mwalimu wangu," alimwambia. "Hawa wanamsumbua hata mwenye macho mawili na miwani juu yake. Watakuzunguka."

Kidole akavumilia muhula mmoja. Muhula wa pili akaenda ofisini, akaomba kipindi kimoja tu. Walimu wote wanaotaka waje wakae nyuma watazame. Akishindwa, atarudi maabara, na hatalisema tena. Mwalimu mkuu akakubali, nusu kwa huruma, nusu kwa kuchoka kubishana naye.

Jioni hiyo alifika nyumbani akaketi kwenye kochi lisilo na mto, moja kwa moja juu ya mbao.

"Mama, nina kazi yako. Nataka wanyama wawili, wakubwa, wa kushikwa na darasa zima. Nitawafundisha kulinganisha viumbe. Mmoja ni mbuzi-mawe."

"Yule swala mdogo wa kwenye majabali?"

"Huyohuyo. Wa pili ni sifongo wa baharini."

Fundi akasimamisha mkasi. "Sifongo. Hii sponji?"

"Hii yako imetoka kiwandani. Imeiga jina na umbo. Ninayemtaka mimi yuko chini ya bahari, amekaa kwenye mwamba wake. Ni mnyama."

"Mnyama? Anayekula?"

"Anakula, anapumua, anazaa."

Fundi akageuka taratibu, akalitazama lile rundo la sponji mpaka darini, kisha akautazama mkasi mkononi mwake. "Basi miaka yote hii mimi ni mchinjaji na sijui."

Walicheka wote wawili. Hata fundi bomba, aliyekuwa akila kwenye chumba cha pili, alisikika akipaliwa.

Mbuzi-mawe hakumsumbua sana mwanzoni. Alimtengenezea mifupa ya waya wa springi, akamnenepesha kwa sponji, akamvalisha. Manyoya yalimfikirisha, kwa sababu Kidole alieleza kwamba ya huyu mnyama si laini. Ni mazito, makavu, kila unywele una uwazi ndani kama mrija, na mwili mzima ni kama umevishwa godoro la kumkinga na miamba. Fundi alikata nywele za brashi za kupakia rangi, akazishona kwa vishada mpaka vidole vikapata sugu mpya juu ya za zamani. Pembe mbili fupi alizichonga kwa mti, akazipachika kwa gundi.

Kidole alimpapasa yule mnyama kuanzia puani, taratibu, akitabasamu. Alipofika miguuni tabasamu likakoma.

"Mama, umempa kwato za mbuzi wa kawaida. Huyu hakanyagi hivi. Anasimama kwenye ncha za kwato, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Ndiyo maana anaweza kusimama na miguu yote minne mahali padogo kama sahani."

Fundi akang'oa miguu, akaweka mipya. Mnyama akaanguka kifudifudi. Akamsimamisha, akaanguka kichalichali. Alihangaika naye mchana kutwa, huku mteja wa viti vya kanisani akisubiri, na kila mnyama alipoanguka mteja alisema "pole" kama vile ni mtu. Hatimaye Fundi alimshonea kipande cha chuma tumboni, chini kabisa, uzito ukashuka katikati ya miguu. Mbuzi-mawe akasimama. Alimsukuma kwa kidole, akayumba, akarudi. Mteja akapiga makofi.

Sifongo ndiye aliyemtoa jasho. Fundi alishona kitu kama mtungi kwa leza ya kijivu, ile ngozi bandia ya makochi, akakijaza sponji kikawa kigumu, akakitoboa vitobo vidogo pande zote na kimoja kikubwa juu. Alikiona kizuri. Alikiweka mbele ya bintiye kwa maringo kabisa.

Kidole akaingiza kidole kwenye kitobo cha ubavuni. Kikakwama. Akaingiza kwenye kingine. Kikakwama. Akaingiza mkono kwenye tundu la juu, ukagota.

"Mama, huyu amekufa."

"Amekufaje, na nimemaliza kumshona sasa hivi?"

"Maji yanaingia kwa vitobo hivi vidogo, yanapita ndani, anachuja chakula, kisha yanatokea hapa juu. Hivyo ndivyo anavyoishi. Siku nzima, maisha yake yote, anavuta na kutoa. Huyu wako umemziba."

Fundi hakuwa amewahi kurudishiwa kazi nzima. Makochi yake yalikaliwa na mabwana wazito, yakarukiwa na watoto wa kila tabia, na hayakurudi. Alikichukua kile kitu, akakiweka kwenye kona, akakipa kisogo. Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Mumewe ndiye aliyekwenda kwenye kona akakiokota. Akakigeuza geuza.

"Mama Kidole," akasema, "maji yanaingia huku, yanatokea kule. Hapo si mmefika kwangu?"

Wakaikalia kazi pamoja, mtu na mkewe, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya, maana kila mmoja aliamini ufundi wa mwenzake ni kazi ya kelele tu. Fundi akautoa ujazo wote wa ndani. Mumewe akaleta pampu ya mguu, ile ya kujazia magodoro ya upepo, akaiweka sakafuni chini ya meza ya mnyama, akapitisha mpira hadi tundu la juu, akalegeza mahali pa kuvutia hewa ili ivute kutoka ndani ya mwili. Walibishana kuhusu gundi. Walibishana kuhusu nani kamwaga gundi. Ilipokuwa tayari, Fundi alikanyaga pampu, hewa ikapuliza juu, fuu. Alipoinua mguu, kipande cha uzi alichokuwa amekishika karibu na kitobo kikavutwa ndani, chup, kikapotea.

Wakaangaliana.

"Anapumua," fundi bomba akasema. Kwa upande wake hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya kipindi Fundi alivaa gauni lake la sherehe, akambeba mbuzi-mawe mwenyewe hadi shuleni, mumewe nyuma na sifongo kichwani. Fundi bomba aliutua mzigo, akaangalia walimu waliojipanga ukutani, akasema ana bomba limepasuka mahali, akaondoka. Mkewe alimjua, hakuna bomba lililopasuka, moyo wake tu ndio haukuweza kutazama.

Mwalimu mkuu alikaa nyuma, mikono ameikunja kifuani. Fundi alikaa mbele, pembeni ya meza, mguu karibu na pampu.

Kidole akaingia na fimbo yake nyeupe, akaiegemeza ubaoni, akasalimia. "Sitaona mkono wako ukiunyoosha," akawaambia wanafunzi, "kwa hiyo anayetaka kusema agonge dawati. Mara moja inatosha, mimi si mlango." Darasa likacheka, na Fundi akaona mabega ya watoto yakishuka.

Mbuzi-mawe akazungushwa. Sifongo aliwekwa kwenye meza ya mbele, wanafunzi wakamzunguka kwa zamu. "Fundi, kanyaga tafadhali," Kidole akasema.

Hakusema mama. Alisema fundi, kama mtaalamu anavyomwita mtaalamu mwenzake kazini. Fundi akakanyaga, na hakuna kochi hata moja alilowahi kulimaliza ambalo lilimnyoosha mgongo namna ile. Hewa ikapuliza viganja vya watoto, vipande vya uzi vikavutwa vitoboni, makelele yakajaa.

Dawati likagongwa. Alikuwa msichana mmoja wa mstari wa nyuma. "Mwalimu, hana kichwa, hana mdomo, hana moyo, hana ubongo. Hana hata macho." Akajifunika mdomo ghafla. Darasa zima likapoa.

"Macho hana kabisa," Kidole akasema kwa furaha. "Endelea, swali lako ni zuri."

"Nilitaka kuuliza... sasa ni mnyama kwa lipi?"

"Muulizeni mbuzi-mawe yeye ni mnyama kwa lipi. Anakula majani kwa sababu hawezi kujitengenezea chakula. Je, sifongo?"

"Anachuja chakula kwenye maji," mmoja akajibu.

"Mbuzi-mawe anatembea. Sifongo?"

"Hatembei!" darasa zima.

"Alipokuwa mchanga aliogelea. Akatafuta mwamba, akaupenda, akakaa. Na mbuzi-mawe naye akishapata jabali lake na mwenzake, haendi mbali. Tuendelee."

Hapo ndipo kilisikika kitu kama kijiti kinavunjika. Kijana mmoja mrefu alikuwa amesimama na mbuzi-mawe mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika pembe. Pembe peke yake. Alipojaribu kuirudisha haraka haraka, na ya pili ikang'oka.

Hakuna aliyepumua isipokuwa sifongo, kwa sababu Fundi alishtuka, mguu ukaikanyaga pampu. Alitamani ainuke akaichukue ile pembe aseme mbele ya walimu wote kwamba gundi ilikuwa mbovu, kwamba yeye si fundi wa hivyo. Ukutani mwalimu mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Kuna nini?" Kidole akauliza.

Angeweza kudanganywa hapo, na kila mtu alijua. Yule kijana akatazama huku na huku, kisha akagonga dawati kwa ile pembe.

"Mwalimu, ni mimi. Pembe zimetoka. Zote."

Kidole akamfuata kwa sauti yake, akanyoosha mkono, akapewa mnyama. Akampapasa kichwa kilichobaki na vishimo viwili. Akawaza kidogo.

"Vizuri," akasema. "Mlikuwa mmeshika dume. Sasa mna jike. Majike wengi wa mbuzi-mawe hawana pembe. Asante sana."

Darasa likaangua kicheko mpaka madirisha yakatetema, kijana mrefu akacheka kwa sauti kuliko wote, na mwalimu mkuu akaikunjua mikono yake kifuani.

"Lakini tuseme ni kweli ameumia," Kidole akaendelea, akiwa ameshika zile pembe. "Zitaota?"

"Hapana."

"Haziwezi. Sasa mkateni sifongo kipande, mkipachike kwenye mwamba mwingine wenye maji mazuri. Kile kipande kinaweza kukua, kikawa sifongo mzima. Msageni mpaka awe chembe chembe, na wapo ambao chembe zao zitatafutana zijipange upya. Huyu asiye na kichwa wala moyo mliyemdharau."

Madawati yakagongwa kila upande. Nani mkali? Nani ataishi zaidi? Mmoja akasema mbuzi-mawe ndiye bora kwa sababu anamkimbia chui. Mwingine akasema sifongo hana haja ya kukimbia mtu. Kidole aliwaacha wabishane, akiwapa neno mmoja mmoja kwa kusikia dawati lilikogongwa. Msichana wa nyuma akamgeukia yule mama wa pampu.

"Shikamoo, Fundi. Wewe umewahi kumwona sifongo?"

"Marahaba. Sijamwona," Fundi akasema. "Na mwalimu wenu hajamwona. Alinieleza, nikamshona. Nilipokosea alijua kabla yangu."

Hapo dawati likagongwa nyuma kabisa, kwa uzito. Kidole akageuza uso. "Ndiyo?"

"Samahani, mwalimu," ilikuwa sauti ya mwalimu mkuu, na alionekana kajishangaa mwenyewe kwa kugonga. "Hivi... huyu sifongo anazeeka?"

"Wapo wa kwenye maji ya kina na baridi wanaoishi karne kwa karne, mkuu."

"Kumbe," akasema, na akasogeza kiti mbele asikie vizuri.

Kengele ilipolia hakuna aliyesimama. Wiki iliyofuata ratiba mpya ilibandikwa, na Kidole alikuwa na madarasa yake kama mwalimu mwingine yeyote. Zile pembe zilirudishwa kwa misumari safari hii, ila wanafunzi waliomba zisikazwe sana, ili mwalimu aweze kumgeuza jike akitaka.

Fundi Makochi alitembea mtaani kifua mbele. Alimsimulia muuza mkaa, akamsimulia mwenye duka, akawasimulia waliokuwa wameshasikia, na kila mara darasa liliongezeka watoto. Wifi yake alipokuja, Kidole alikuwa amerudi kutoka kazini, amekaa anasahihisha madaftari kwa kusomewa na mwalimu mwenzake. Shangazi alisimama mlangoni, akaweka pochi chini.

"Mwalimu," akasema, "habari za kazi?"

Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Aliibana kwa nguvu zote ili asicheke.

Shule mbili nyingine zilipeleka ujumbe. Moja ilitaka moyo wa binadamu, wa kufunguka, wenye vyumba vyote na damu ya kwenda na kurudi. Fundi bomba alisoma hilo akaanza kutafuta mipira ya maji siku hiyohiyo bila kuambiwa. Fundi naye alimwita mchora mabango, akamwamuru aandike juu ya mlango wa chuma, kwa herufi kubwa zinazosomeka ng'ambo ya barabara: MAKOCHI, MAGODORO NA WANYAMA.

Mchora mabango alimshauri aongeze maneno, watu wasije wakaelewa vibaya. Alikataa. Kwa hiyo mpaka leo hawakosekani watu wanaosimama pale na kamba mkononi kuuliza kama kuna mbuzi wa kuuza. Fundi huwakaribisha, huwakalisha, huitoa misumari mdomoni, na kuanza kuwaeleza habari za binti yake tangu mwanzo.